Mama Mkwe Ameshuka Mlimani na Mchumba

Kwa Meneja,
Idara ya Madai

YAH: HASARA ILIYOANZIA KILELENI NA KUFIKA HADI MEZANI KWETU

Ndugu Meneja,

Natumaini idara yako yote iko salama. Sisi huku ni wazima. Mke wangu mzima, watoto wazima, na mama mkwe wangu, ambaye ndiye mwenye bima, ni mzima kupita kiasi. Hilo la mwisho ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Mimi ni mfamasia. Duka letu la dawa liko jirani na kituo cha mafuta, na kazi yangu ya kila siku ni kusoma yale maandishi madogo ambayo wengine huyatupa pamoja na boksi. Nalisema hili mapema ili usidhani unaandikiwa na mtu asiyesoma mikataba. Wa kwenu nimeusoma mbele na nyuma, nikausoma hata kwa kinyozi. Ni mkataba mzuri. Una pengo moja tu, na mama mkwe amepita katika pengo hilo akiwa na begi lake mgongoni.

Mama ni mkunga mstaafu, na ni mjane. Alikuja kwetu mwanetu wa kwanza alipozaliwa, amsaidie binti yake kwa mwezi mmoja, na mwezi huo haujaisha. Mtoto mwenyewe sasa anaingia sekondari. Mama anakaa chumba cha nyuma, kile chenye dirisha linalotazama kamba za nguo. Mke wangu ana saluni na huondoka mapema. Mimi huondoka mapema zaidi. Tukiamka, chai iko mezani. Tukirudi, sare zimepigwa pasi, mtoto mdogo amemaliza hesabu zake, na chakula kimefunikwa. Naomba hapa nieleweke vizuri: sisemi kwamba alikuwa akifanya kazi. Alikuwa akiishi nasi, na kazi ilikuwa ikifanyika.

Chanzo cha yote ni kikundi cha Magoti. Hilo ndilo jina walilojipa akina mama wastaafu wa mtaani kwetu, kwa kuwa magoti ndiyo mazungumzo yao makubwa. Kila Jumamosi huzunguka uwanja wa mpira kwa miguu. Siku moja mwenyekiti wao, mwalimu mkuu mstaafu ambaye sidhani kama amewahi kuambiwa hapana, alitangaza kwamba uwanja umemchosha na sasa wataupanda mlima, ule wenyewe, hadi kileleni. Mama alituletea habari hizo huku akianua nguo, kama mtu anayesema atapitia dukani. Nilipinga. Mke wangu akanikumbusha kwamba mama ni mtu mzima, na kwamba tangu baba yake afariki mama hajalala nje ya nyumba hii isipokuwa hospitali, tena kazini. Nikashindwa. Nikabaki na sharti moja: aende, ila aende na bima.

Tukatandaza vipeperushi vya kampuni tatu juu ya meza ya chakula. Ya kwanza ilikuwa rahisi, na mke wangu aliipenda mpaka nilipomsomea mstari wa chini kabisa, kwamba inamlinda msafiri hadi mwinuko fulani tu. Mwinuko huo uliishia getini, pale wanapokagua mabegi. Yaani ingemlinda mama dhidi ya basi. Ya pili ilipanda hadi kileleni, na helikopta ilikuwemo, lakini haikumgusa mtu aliyevuka miaka sitini. Kwa Magoti, ingewalinda wapagazi peke yao. Ya tatu ilikuwa yenu. Kileleni, ndiyo. Wazee, ndiyo, wakiwa na barua ya daktari. Kulazwa, kuokolewa kwa helikopta, mzigo kupotea, kuchelewa kurudi, madhara kwa mtu wa tatu. Nilisikia raha ambayo sikuwa nimeisikia tangu nipewe leseni ya kuuza dawa.

Wakala wenu alikuja nyumbani mwenyewe, kijana nadhifu, mwenye tai ndefu iliyokaribia kuingia kwenye kikombe. Alitueleza hatari zote kwa mpangilio: mawe, baridi, kuteleza, wanyama, kukosa hewa. Mama alikuwa kwenye kochi akikunja mashuka, na muda wote huo aliuliza swali moja tu.

"Na nikipapenda huko juu, mtanirudisha kwa nguvu?"

Wakala alicheka. "Mama, wewe ukipapenda, sisi tuna shida gani?"

Ndugu Meneja, maneno hayo yalitamkwa na mwakilishi wenu, akiwa kazini, mbele ya mashahidi. Nitayarudia huko mbele.

Mama akaondoka na Magoti wenzake. Nilikuwa nimemfungashia dawa za kichwa, za tumbo, za kikohozi, za malengelenge, na karatasi ya maelekezo niliyoiandika kwa herufi kubwa. Ujumbe wa kwanza ulisema wamefika kambini na amekunywa supu ya maboga yenye tangawizi. Wa pili ulisema supu ya jana ilikuwa nzuri, ila ya leo imeipita. Wa tatu ulisema kuna mtu huku anachoma mkate kwenye sufuria na unaiva pande zote. Kuhusu mlima hakuna ujumbe hata mmoja ulioutaja. Mimi nilifurahi kwamba anakula vizuri, nikamwambia mke wangu kwamba kukosa hamu ya chakula ndiyo dalili ya kwanza ya hatari, kwa hiyo mama yuko salama. Huo ndio utaalamu wangu.

Yaliyotokea kule tumeyapata kwa mwenyekiti wa Magoti, ambaye huhadithia kama anasoma taarifa ya shule, haongezi wala hapunguzi. Anasema kwamba jioni ile ya kambi ya pili, wenzake wakiwa wamejilaza kwenye mahema wakiugulia miguu, mama aliinuka na kwenda hema la jikoni kuosha vyombo. Hakuna aliyemtuma. Miguu yake ilimpeleka yenyewe, kama inavyompeleka hapa nyumbani. Mpishi wa msafara, mtu wa makamo naye aliyefiwa na mkewe, mwenye kofia ya sufu inayoziba masikio, alimpokonya kitambaa taratibu, akamsogezea kigoda.

"Mama, hapa wewe ni mgeni," alimwambia. "Kaa. Kesho ungependa kula nini?"

Mama akakaa. Alinyamaza muda mrefu kiasi kwamba mpishi alidhani hewa imempungukia, akamwita kiongozi wa msafara aje na kile kifaa cha kubana kidoleni, kinachopima hewa ya mwilini. Kiongozi alipofika ndipo mama alipojibu.

"Sijui," alisema. "Sijawahi kuulizwa."

Mwenyekiti anasema toka hapo mama hakukaa tena na Magoti. Kutwa alitembea na kundi, lakini jioni ilipofika alikuwa kwenye kigoda chake, akipasha mikono moto kwenye sufuria. Siku ya kilele mpishi alipanda nao, ingawa wapishi huwa hawapandi, akibeba chupa ya chai ndani ya koti. Picha ya kileleni ninayo. Mwenyekiti ameinama anatapika. Wengine wanatazama jua. Mama anatazama chai inavyomiminwa.

Alirudi jioni, akavua viatu mlangoni, akapita jikoni bila kugeuza shingo, akaketi kwenye kochi. Tulijua kuna jambo kwa sababu hajawahi kuketi akiwa na koti.

"Nimepata mchumba," alisema. "Ni mpishi. Msimu wake ukiisha, tunaoana."

Mke wangu alicheka mpaka akalia, kisha akalia kweli, akaenda kumkumbatia mama yake na hawakuachana. Binti yetu aliuliza kama babu mpya atakuja na hema. Mimi nilikwenda kuutafuta mkataba wenu. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Kipeperushi chenu kinaonya kuhusu mawe yanayoporomoka. Mwenyekiti anathibitisha kwamba safari nzima hawakuona jiwe lililosogea. Kinaonya kuhusu wanyama. Waliona ndege, tena kwa mbali. Kinaonya kuhusu baridi, na mama amerudi ana joto kuliko alivyoondoka. Lakini mpishi, ambaye yupo katika kila kambi, ana kisu, ana moto, na anajua kuuliza maswali, hakutajwa popote. Kampuni inayomwonya mteja kuhusu chui asiyekuwepo na kumficha mpishi aliyepo imetimiza wajibu wake vipi?

2. Ukurasa wenu wa afya unaorodhesha dalili za ugonjwa wa milimani: moyo kwenda mbio, kukosa usingizi, kichwa kuwa chepesi, kuchekacheka, na kufanya maamuzi ambayo mtu asingeyafanya akiwa chini. Mama anazo zote. Anaimba bafuni. Juzi nilimkuta amesimama uani na kikapu cha nguo mbichi, anaangalia simu, anatabasamu, nguo zinachuruzika maji miguuni mwake. Vitabu vyangu vyote vinasema dawa ya ugonjwa huo ni kumshusha mgonjwa mara moja. Tumemshusha. Yuko chini kabisa, mtaa wetu hauna hata kilima, na hali inazidi. Nilimpelekea kidonge cha kizunguzungu. Alikishika, akanitazama machoni, akanirudishia, akaniambia, "Meza wewe mwanangu, umepauka." Kwa hiyo huu ni ugonjwa uliopatikana safarini, unaendelea, na haujibu tiba. Mnao wajibu.

3. Mkataba unasema kitu kikipotea au kikirudi kikiwa kimebadilika kwa sababu ya safari, mtafidia. Tuliyempeleka mlimani alikuwa mtu asiyeweza kukaa kama kuna sufuria motoni. Aliyerudi anakaa. Asubuhi ya kwanza baada ya safari tulijipanga mezani sote, yeye akiwemo, tukasubiri. Tulisubiri vizuri tu, kwa heshima. Birika lilikuwa baridi. Hatimaye mtoto mdogo akauliza kwa sauti ya chini ni nani tunayemngoja, na hapo nikaona kila mmoja anatazama kitambaa cha meza. Niliinuka nikakaanga mayai. Kuhusu mayai hayo naomba tusiandikiane. Niseme tu kwamba mama aliyala yote, akanishukuru, akaniambia mara nyingine nipunguze moto.

4. Nilipiga ile namba yenu ya dharura. Binti aliyepokea alikuwa na adabu sana, sina ugomvi naye. Aliniuliza kama mwenye bima ana fahamu. Nikamjibu anazo nyingi. Kama anavuja damu. Hapana. Kama yuko mahali asipoweza kushuka bila msaada. Nikamweleza kwamba yuko sebuleni anajaribu gauni, ila kuna uamuzi ameupanda na hataki kuushuka. Nikaomba helikopta. Binti yule akafikiri kidogo, akaniomba nimpe mama simu, apate kumpongeza kwa niaba ya kampuni. Nilidhani ni utaratibu, nikampa. Wakazungumza hadi simu ikapata moto. Ikabainika kwamba binti ni mjamzito na mgongo unamsumbua, mama akamwelekeza namna ya kulala na mto gani auweke wapi. Nasikia amepata nafuu, na namtakia heri. Lakini kwa kumbukumbu za ofisi, siku ile huduma ilitoka kwangu kuja kwenu.

5. Mpishi huyo anamwita mama mkwe wangu kwa jina lake. Mimi humwita Mama, watoto humwita Bibi, majirani humwita Mama Mkunga. Nilipomsikia anatajwa kwa jina kwenye simu nilidhani mtu amekosea namba. Ilinibidi nifungue mkataba wenu kuhakikisha. Jina ni lake kweli, na ni zuri, lakini nauliza: taarifa binafsi za mteja zilifikaje mikononi mwa mpishi? Mke wangu anasema labda aliuliza. Silikubali jibu hilo, ni jepesi mno.

6. Madhara kwa mtu wa tatu. Mtu wa kwanza ni mama. Wa pili ni mpishi. Hesabu mwenyewe.

Kwa sababu hizo, Ndugu Meneja, nakuja na maombi yangu, na naanza na dogo. Sihitaji pesa. Mkataba wenu unaahidi kumrudisha mwenye bima katika hali aliyokuwa nayo kabla ya safari. Naomba mumrudishe katika hali hiyo, ikiwezekana kabla shule hazijafunguliwa.

Hilo likishindikana, naomba mtupatie mama mkwe wa muda, wa kiwango kilekile, kama wanavyofanya wenzenu wa bima za magari pale gari la mteja linapokuwa gereji. Asiwe mgeni wa hesabu za sehemu, maana ndipo mtoto alipofika. Ajue mahali vinapokaa vipuri vya mashine ya kufulia, kwa kuwa sisi hatujui. Awe mtu anayesikia mlango ukifunguliwa akajua kwa hatua tu kama siku ilikuwa njema au mbaya, na asiseme kitu, aweke chai.

Nalo likishindikana, basi nawashauri kwa manufaa ya wateja wenu wote kwamba wapishi wa misafara wazuiwe kuvuka getini. Wapike chini, chakula kipandishwe na wapagazi kikiwa kimepoa. Maswali kama "ungependa kula nini" yaulizwe kwa maandishi tu, na nakala ipelekwe kwa familia. Na wajane wote wapande wakiwa wamefungwa kamba kiunoni, ncha ya pili ishikwe na mkwe. Mimi niko tayari kushika.

Najua utaniambia kwamba mama ana haki ya kuolewa. Mke wangu ameshaniambia. Mwenyekiti wa Magoti amekuja hadi dukani kuniambia, mbele ya wateja, kwa sauti ya gwaride. Sijawahi kusema hana haki. Nasema tu kwamba nilisoma kila mstari, nikamlinda dhidi ya kila kitu kinachoweza kumtokea mtu mlimani, na kilichotokea hakikuwemo. Mtu wa taaluma yangu hawezi kupata usingizi kwa jambo kama hilo.

Na lile neno la wakala wenu, kwamba mama akipapenda ninyi hamna shida, nalichukulia kuwa ahadi. Ninyi hamna shida. Basi shida yote iko kwangu, na hiyo, Ndugu Meneja, ndiyo maana halisi ya hasara.

Nakutakia kazi njema. Nisalimie wakala wenu, mwambie aifupishe tai. Msalimie sana binti wa simu ya dharura pamoja na mgongo wake. Mama anasema asibebe ndoo. Salamu kwa mlinzi wenu wa mlangoni aliyenikaribisha kivulini nilipokuja na ofisi ikawa imefungwa kwa chakula cha mchana, na kwa wahasibu, madereva na wote wanaoishi na wazee wao.

Ni mimi, ninayesubiri jibu nikiwa jikoni,

Mkwe wa mwenye bima

Nyongeza: Barua hii ilikuwa bado haijatumwa mpishi alipokuja kujitambulisha, yeye na dada yake. Nilikuwa nimejiandaa kumhoji. Nilimuuliza waziwazi ameona nini kwa mama. Alivua kofia, akaishika magotini, akasema, "Huko juu nimewapikia watu wengi wanaolia kwa uchovu. Huyu alikuwa anacheka." Nikaikunja karatasi yangu ya maswali.

Kisha ikajulikana kwamba hana mpango wa kumpeleka mama mbali. Miguu yake nayo imechoka na mlima. Amepanga ile nyumba tupu tunayopakana nayo ukuta, na anafungua mgahawa jirani na kituo cha mafuta, hatua chache kutoka duka langu. Aliomba ruhusa ya kujaribu jiko letu, akapika, na mtoto wetu mdogo, ambaye hula kwa kubembelezwa, aliomba sahani ya tatu. Mama alikaa mezani muda wote. Mke wangu alikuwa akimtazama mama yake, wala hakugusa simu.

Kwa hiyo madai yote hapo juu nayafuta, kuanzia namba moja hadi sita, pamoja na kamba. Lakini leo asubuhi nimewasikia uani, yeye na mama, wanabishana kuhusu chumvi, na mama amepandisha sauti. Naomba unijulishe kwa haraka, ikiwezekana kabla ya saa za kazi kwisha: je, mna bima ya kulinda uchumba usivunjike, na inaanza kufanya kazi lini? Helikopta si lazima.